Upana wa Njia na Idadi ya Matundu: Hifadhi ya Sauti za Salama

Wanafasihi wa Kiswahili tumeandika mengi kuhusu namna ya kukusanya fasihi simulizi, na machache mno kuhusu mahali pa kuiweka ikishakusanywa. Tasnifu nyingi nilizozisoma zina sura nzima juu ya mbinu za utafiti: usaili, ushuhudiaji, uteuzi wa sampuli, maadili ya kumkabili msimulizi. Kisha huja sentensi moja tu, kwamba data ilihifadhiwa katika tarakilishi, na mwandishi akaendelea na uchanganuzi. Katika makala haya nakusudia kukaa ndani ya sentensi hiyo moja. Nataka kuuliza data hiyo iliingia kwa mlango upi, kwa kasi gani, na ingechukua muda gani kutoka iwapo ingehitajika leo usiku.

Swali hilo halikunijia darasani. Lilinijia Salama, soko lililo kando ya barabara kuu ya Nairobi kwenda Mombasa katika Kaunti ya Makueni, ninakokusanyia nyimbo za kilumi na ngano za Wakamba kwa tasnifu inayochunguza tafsiri zake katika Kiswahili. Waliotutangulia katika kazi hii walikuwa na kalamu na daftari. Gerhard Lindblom, Mswidi aliyewatafiti Wakamba mwanzoni mwa karne ya 20, na John Mbiti, mzaliwa wa Kitui aliyechapisha mkusanyiko wake wa hadithi za Kikamba mwaka 1966, walituachia maneno ya masimulizi. Sauti za wasimulizi zilibaki huko huko vijijini zikazikwa na wenyewe. Sisi twaondoka na sauti, na sauti ina uzito.

Uzito huo unahesabika. Kinasa sauti changu huchukua sampuli 48,000 kwa sekunde, kila sampuli biti 24, katika mikondo miwili. Hiyo ni baiti 288,000 kwa sekunde, yaani takriban GB 1.04 kwa saa. Kamera nayo hurekodi kwa kasi ya megabiti 24 kwa sekunde. Maadamu biti 8 hufanya baiti 1, hizo ni megabaiti 3 kwa sekunde, au GB 10.8 kwa saa. (Wauza vifaa hupenda kutaja biti badala ya baiti, namba huonekana nono mara nane.) Nilipofikisha saa 40 za sauti na saa 40 za video, nilikuwa na GB 473. Kilumi ni ngoma ya wanawake wazee, yenye kuhusishwa na mvua na uganga, na ikishapamba moto kwa mdundo wa ile ngoma ndefu iitwayo mukanda, hakuna mtu mwenye adabu atakayewaambia wachezaji wangoje kadi ya kamera imwagwe. Mtafiti hujaza, hubadilisha kadi, akaendelea kujaza. Kumwaga huja usiku.

Msomaji atauliza kwa nini nisiyatume yote hayo kwa mtandao. Kusema kweli, eneo lenyewe halijasahauliwa na teknolojia. Nyaya za mkonga za SEACOM na TEAMS zilitia nanga Mombasa mwaka 2009, na mkonga wa nchi kavu unaounganisha pwani na Nairobi hupita katika ukanda wa barabara hii hii. Si mbali na Salama, huko Malili, serikali ilizindua mji wa teknolojia wa Konza mnamo Januari 2013 katika ardhi ya ekari 5,000, na humo kimejengwa kituo cha taifa cha data. Hata hivyo, kupita kwa mkonga kando ya kijiji si sawa na kijiji kuwa na tundu la kuuchomekea. Nyumbani nilikofikia, njia ya kutumia data ilikuwa simu, na siku ya neema ilinipa megabiti 5 kwa sekunde za kupandisha. Kwa kasi hiyo GB 473 zingehitaji siku 8 na saa 18 bila kupumzika, mbali na gharama ya vifurushi. Diski hiyo hiyo nikiitia mkobani nikapanda matatu, ikafika Nairobi baada ya saa 2, itakuwa imesafiri kwa kasi ya megabiti 525 kwa sekunde. Kwa mtafiti wa nyanjani, basi, hifadhi iliyounganishwa moja kwa moja na tarakilishi, waya kwa tundu, si ushamba. Ndiyo hesabu inayosimama.

Hesabu hiyo nayo ina mitego yake, na hapa sina budi kusema neno kuhusu istilahi, maana hazijatulia. Kwa kile kiungo cha tarakilishi kinachopokea waya nimesikia tundu, mlango na poti. Susu mmoja, mwimbaji mkongwe wa kilumi, aliwahi kuichukua diski yangu mkononi akaigeuza huku na huku.

"Mjukuu wangu, umesema nyimbo zetu zote zimo humu?"

"Zimo, susu."

"Na mlango wake ndio huu? Mwembamba hivi?"

Nikacheka, naye hakucheka. Alikuwa ameuliza swali la kihandisi. Ama kwa ile dhana ya wingi wa habari unaoweza kupita kwa sekunde moja, programu kadhaa zilizofasiriwa hutumia istilahi kipimo data. Siikatai, ila inanikumbusha rula kuliko safari. Mimi nitasema upana wa njia, na sababu yake iko pale pale Salama, inaonekana na kila aketiye kibarazani.

Malori yanayopita pale hutoka Bandari ya Mombasa. Mwaka 2016 bandari hiyo ilianza kutumia kituo cha pili cha makasha, chenye uwezo wa kuhudumia makasha 550,000 ya futi 20 kwa mwaka katika awamu yake ya kwanza. Gati ziliongezeka, barabara ya Salama, njia moja ya kwenda na moja ya kurudi, haikupanuka kwa sababu hiyo. Lori bovu mlimani lilitosha kusimamisha foleni ya kilomita nyingi, hata kama bandarini meli zilikuwa zikipakuliwa kwa kasi ya kusifiwa. Nafuu ilitoka kwingine, mapema mwaka 2018, treni za mizigo za reli mpya zilipoanza kazi, kwa kuwa hiyo ilikuwa njia ya pili isiyotegemea ile ya kwanza. Tarakilishi ina kisa hicho hicho. Tundu ni gati. Waweza kuwa na gati 10, lakini iwapo zote humwaga mizigo katika barabara moja, umenunua mahali pa kusubiri.

Wengi wetu hatuoni hivyo. Tunapoishiwa na matundu twaenda Luthuli Avenue kununua kile kifaa kidogo kinachogeuza tundu moja kuwa manne, wenyewe hukiita habu, tukirudi tunadhani tumeongeza uwezo mara nne. Tundu la USB 2.0, toleo la mwaka 2000 ambalo lingali katika vifaa vingi mikononi mwetu, lina upana wa megabiti 480 kwa sekunde. Hizo ni megabaiti 60 kwenye karatasi. Kwa kazi halisi tutarajie 30 au zaidi kidogo. Habu haibadilishi namba hiyo, huigawa tu. Nikichomeka diski mbili katika habu moja nikanakili kutoka moja hadi nyingine, kila baiti hupita barabarani mara mbili, mara ya kuja na mara ya kurudi, na kasi ya kunakili huanguka hadi megabaiti 15. GB 473 zingechukua saa 8 na dakika 45. Chanzo kikiwa ndani ya tarakilishi yenyewe, na diski ya nje ikiwa peke yake tunduni, muda huwa nusu yake. Na diski ile ile ikipewa tundu la USB 3.0, toleo lililotangazwa mwaka 2008 na ambalo aghalabu hutambulika kwa rangi ya buluu, kikomo hakiwi tena njia bali diski yenyewe inayozunguka. Kwa megabaiti 110 kwa sekunde, kazi yote huisha kwa saa 1 na dakika 12.

Tofauti kati ya saa moja na saa tisa si anasa pale ambapo umeme hukatika magharibi ukarudi alfajiri. Kanuni niliyojiwekea ni kwamba hakuna rekodi inayofutwa kutoka kadi kabla haijakaa mahali pawili, na kwamba nakala hizo mbili hazilali katika nyumba moja. Kanuni hiyo haitekelezeki kwa nia njema peke yake. Hutekelezwa na muda wa betri ukizidishwa kwa upana wa njia.

Mwaka jana susu yule alifariki. Jamaa walijua kwamba ninayo video ya saa nzima ya kilumi aliyoiongoza, na jioni ya mkesha wa mazishi wajukuu wake 8 walinijia, kila mmoja na flashi yake, wakiomba nakala. Walikuwa wakiondoka alfajiri baada ya kuzika, wengine Mombasa, wengine Nairobi, mmoja Qatar. Umeme haukuwako. Jenereta ilikuwa ya mwenye vipaza sauti, naye aliiwasha kwa ibada tu. Kipakatalishi changu kilikuwa na betri ya saa 2, na tundu lililobaki lilikuwa moja.

Flashi za bei nafuu huandika polepole; nilipima ya kwanza nikapata megabaiti 8 kwa sekunde. Video ilikuwa GB 10.8. Flashi moja ingechukua dakika 22 na nusu, na zote 8, moja baada ya nyingine, saa 3 kamili. Betri isingefika. Lakini habu ya matundu 4, yenye upana wa megabaiti 32 hivi, ingeweza kulisha flashi 4 kwa wakati mmoja bila yeyote kumpunguzia mwenzake, kwani mara nne nane ni 32. Mikupuo miwili ya dakika 22 na nusu ni dakika 45. Kijana mmoja aliyekuwa na habu nyingine mkobani alishauri tuunge habu kwa habu tuchomeke zote 8 mara moja ili tumalize kwa nusu ya muda huo. Nilimwonyesha kwa kijiti mchangani: megabaiti 32 zikigawanywa kwa 8 ni 4 kwa kila flashi, na kwa megabaiti 4 kila flashi ingehitaji dakika 45. Tungetumia muda ule ule, tukaongeza waya mmoja wa kukwaza watu gizani. Aliketi akasubiri mkupuo wa pili.

Katika mfano huo mdogo imo kanuni nzima ya kupanga matundu. Vifaa vikiwa vya polepole kuliko njia, ongeza matundu hadi jumla ya kasi zao ikaribie upana wa njia, kisha ukome. Vifaa vikiwa vya kasi kuliko njia, matundu zaidi hayafai kitu. Tafuta njia ya pili. Na usihesabu matundu yaliyo ubavuni mwa tarakilishi kana kwamba kila moja lina barabara yake, kwa sababu mara nyingi mawili au matatu hushiriki mzizi mmoja. Hata habu ya USB 3.0, ukiichomekea flashi za zamani, huzipitisha zote katika ule mkondo wa megabiti 480, rangi ya buluu isikudanganye.

Kuna pia suala la nguvu, ambalo vitabu vya mbinu za utafiti havina habari nalo. Tundu la USB 2.0 hutoa mkondo wa umeme wa miliampia 500. Habu isiyo na waya wake wa umeme hujitwalia sehemu ya hizo, na kila tundu lake huruhusiwa miliampia 100 pekee. Flashi nyingi huvumilia. Diski inayozunguka huhitaji zaidi ya hapo ili kuanza kuzunguka, na isipopata hulia tik-tik kama saa ya ukutani, ikajitenga na tarakilishi katikati ya kuandika. Nimeona wenzangu wakidhani diski imekufa ilhali ina njaa tu. Kwa hiyo upangaji wa matundu una hesabu mbili zinazokwenda sambamba, ya habari na ya umeme, na tundu linaloshinda moja likashindwa nyingine halihesabiki.

Sasa nitoke Salama nirudi chuoni, kwa sababu diski za mikobani hatimaye lazima zifike mahali pa kudumu. Vyuo vyetu vina kaseti za fasihi simulizi zilizorekodiwa na wanafunzi miongo mingi iliyopita. Katika idara moja ambayo sitaitaja nilizikuta ndani ya maboksi chini ya dirisha linalovuja, lebo zimefutika. Kaseti ya dakika 60 huchezwa kwa dakika 60, haina haraka. Kama zipo 400 za urefu huo, kwa deki moja ni saa 400 za kucheza. Deki 4 zilizounganishwa na tarakilishi moja, kila moja kwa tundu lake la sauti, hushusha muda hadi saa 100, na jumla ya data yake haizidi megabaiti 1.2 kwa sekunde, kiasi ambacho hata njia nyembamba kabisa haitakihisi. Hapa matundu ndiyo kila kitu na upana si kitu. Idara inayoomba fedha za mtambo wa kasi kwa kazi ya kaseti inaomba kisichohitajika. Iombe deki, na iwahi kabla utepe haujabanduka.

Hifadhi kuu ni jambo jingine. Idara yetu imeanza kufikiria rafu ya diski 12 iliyounganishwa moja kwa moja na seva kwa waya wa SAS, na wanafunzi wa uzamili tumeombwa maoni. Waya mmoja wa aina hiyo una njia 4 za gigabiti 12 kila moja, na baada ya kutoa gharama za usafirishaji hubaki megabaiti 4,800 hivi kwa sekunde. Diski 12 zenye kasi ya megabaiti 200 zitatumia 2,400, nusu ya barabara. Rafu ya pili ikiungwa nyuma ya ya kwanza, barabara itajaa barabara. Rafu ya tatu itaongeza nafasi ya kuweka, kasi haitaongezeka hata chembe, na hapo itafaa kutumia tundu la pili la kadi badala ya kurefusha mnyororo. Tundu hilo la pili lina kazi nyingine hata kabla ya siku hiyo: waya wa pili kutoka rafu hadi kadi huifanya rafu iendelee kusomeka waya wa kwanza ukikatika au kuchomoka, mradi rafu na diski zenyewe ziwe za aina inayokubali njia mbili.

Hayo yote ni ya kupendeza, lakini nimeona michoro inayoishia hapo, mbele ya seva pakiwa na waya mmoja wa mtandao wa gigabiti 1. Hiyo ni megabaiti 125. Rafu yenye uwezo wa 2,400 itaongea na ulimwengu kupitia tundu la sindano. Na nani hasa ataitumia? Si mtandao. Ni mwanafunzi aliyeshuka kwenye matatu ya Salama, au ya Lamu, au ya Busia, diski mkononi, anayetaka kumwaga GB 473 na kupewa diski yake kabla ofisi haijafungwa. Wakija wanne siku moja, kila mmoja na megabaiti zake 110, jumla ni 440. Rafu itawapokea bila jasho. Waya wa mtandao usingewapokea hata wawili.

Mchoro niliouwasilisha idarani, kwa hiyo, umeanzia upande wa mwanafunzi ukarudi nyuma hadi rafuni. Una matundu 4 ya USB 3.0 upande wa mbele wa seva, kila mawili yakiwa na kadi yake ili yasigombanie mzizi mmoja, na kila tundu likilishwa umeme wa kutosha. Kando yake kuna deki 4 za kaseti katika tarakilishi ya zamani, ambayo inatosha. Rafu ni moja, nyaya ni mbili. Fundi aliupitia akaniuliza kwa nini kadi za USB ni mbili ilhali moja ina matundu 4 tayari, tena ni rahisi. Nikamwuliza kama amewahi kupita Salama Ijumaa jioni.

Bado hatujakubaliana juu ya lebo. Yeye angependa kila tundu liandikwe namba tu. Mimi nimependekeza juu ya matundu yale manne paandikwe Mlango, na kwamba mbele yake pawe na kiti.